Hofu Hupita Kwenye Hatamu

JUMANNE

Soma Kumbukumbu la Torati 20:1–8. Kwa nini mtu mwenye hofu aliruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya vita?

Farasi ameumbwa kukimbia hatari. Bendera ikipepea ghafla, miguu yake hutangulia. Lakini farasi wa polisi hutumwa penye kelele. Polisi wa London huwafunza farasi wao Imber Court, nje kidogo ya jiji. Huzoezwa kidogo kidogo: bendera, ngoma, moshi, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. Farasi mgeni huandamana na mzoefu, ajifunze kwa kumwona mwenzake ametulia.

Mpandaji naye hufunzwa. Akikaza hatamu na kubana miguu kwa woga, farasi huhisi mara moja na kudhani kuna hatari. Sauti tamu haimdanganyi ikiwa mkono unatetemeka.

Tarehe 28 Aprili 1923, umati ulifurika hadi ndani ya kiwanja cha Wembley kabla ya fainali ya mpira. Konstebo George Scorey, juu ya farasi wake Billie, alikuwa miongoni mwa polisi waliousogeza umati huo polepole hadi nje ya mistari, na mechi ikachezwa. Utulivu wa namna hiyo haupatikani siku ya msukosuko. Huandaliwa mapema.

Musa alilijua jambo hili. Mwenye hofu hakuadhibiwa. Alirudishwa kwa sababu woga wake ungewaambukiza ndugu zake. Hata hivyo, angalia mpangilio wa fungu hili. Kabla ya maofisa kuuliza nani anaogopa, kuhani aliwakumbusha watu kwamba Mungu anakwenda pamoja nao. Ujasiri wao ulipaswa kuanzia hapo, si katika kujikaza.

Mzazi anapopata habari mbaya za ugonjwa au kupoteza kazi, watoto humsoma usoni kabla hajafungua kinywa. Kanisa nalo huwasoma wazee wake. Hatuitwi kuigiza utulivu. Tunaitwa kukaa na Bwana asubuhi, kabla ya kelele kuanza, ili mkono ulioshika hatamu uwe umeshikwa na mkono mwingine.

Soma Marko 4:35–41. Wanafunzi walikuwa na Yesu chomboni, lakini waliogopa. Walikosa nini?

Tafakari: Juma hili, ni nani anayeihisi hofu yako kabla hujasema neno? Jadilini darasani: tufanye nini ili ahisi imani badala yake?