Kirusi Kilificha, Haraka Ikafuta

Kisa hiki ni cha mfano na hakimtaji mtu, lakini kila hatua yake hutokea katika nyumba zenye kompyuta ya zamani. Tumekiweka Saza, mkoani Songwe, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako akiba ya watu wengi huweza kukaa mikononi mwa katibu mmoja wa kikoba.

Katibu huyo alikuwa mama wa makamo, mke wa mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Wanachama wake walikuwa wachimbaji wadogo, mama lishe na wenye maduka. Nyumbani alikuwa na kompyuta ya mezani ya mtumba, iliyonunuliwa Tunduma, yenye Windows 7. Humo aliandika hisa za kila mmoja, mikopo, riba na mfuko wa jamii. Umeme ulipokatika mashine ilizimika ghafla, basi akazoea kuhifadhi kazi yake kwenye flashi iliyoning'inia kwenye funguo zake. Flashi hiyohiyo aliipeleka steshenari Mkwajuni kuchapisha taarifa, na hiyohiyo mwanawe wa sekondari aliiazima kwenda kuwekewa muvi zilizotafsiriwa.

Siku moja, mgao wa mwisho wa mwaka ukikaribia, aliichomeka akaona folda yake ya hesabu imebadilika kidogo. Jina lilikuwa lilelile, lakini kwenye kona ya alama yake kulikuwa na kishale kidogo, na ukubwa wake ulisomeka KB 2. Alibofya, hesabu zikafunguka kama kawaida. Akaendelea na kazi.

Kishale kile kilikuwa kinasema jambo zito. Zamani flashi ikichomekwa tu, programu iliyomo ingeweza kujiendesha yenyewe. Microsoft ilifunga mlango huo katika Windows 7, na mwaka 2011 ikaufunga kwa matoleo ya nyuma pia. Watunzi wa virusi wakahamia kwenye hila ya kumfanya mwenye flashi abofye mwenyewe. Kirusi huificha folda halisi, kisha huweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lilelile. Ukibofya, kirusi huamka kwanza, kisha hukufungulia folda yako ili usishtuke. Wakati huohuo kimeshajinakili ndani ya kompyuta na kujiandikisha kati ya programu zinazoanza kila mashine inapowashwa. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa itaambukizwa.

Wiki iliyofuata mama alikwenda steshenari. Antivirusi ya pale ilizifuta zile njia za mkato mara tu flashi ilipoingia, na dirisha likabaki tupu.

"Mama, virusi vimekula kila kitu," kijana wa steshenari akamwambia. "Humu hakuna kitu. Nikufomatie?"

"Fomati tu mwanangu, nyumbani ipo nyingine."

Kijana hakuwa na nia mbaya, lakini hakuangalia. Angebofya kitufe cha kulia juu ya flashi na kutazama nafasi iliyotumika, angeona kwamba karibu nusu yake imejaa. Flashi inayoonekana tupu huku ikionyesha nafasi imetumika mara nyingi haijapoteza kitu, mafaili yamefichwa tu. Amri moja ingeyarudisha yote: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (herufi E ikibadilishwa kwa herufi ya flashi husika). Mafaili yalikuwepo mpaka kidole kilipobonyeza kitufe cha kufomati.

Hata hapo mlango haukuwa umefungwa kabisa. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili, si mafaili yenyewe. Flashi ikiachwa bila kuandikwa kitu kingine, programu za bure kama PhotoRec mara nyingi huweza kuyaokoa. Lakini jioni ile mwanawe aliiona flashi tupu, akaenda kuijaza muvi. Zikaandikwa juu ya hesabu za watu.

Usiku mama alifungua kompyuta kutafuta nakala ya nyumbani. Ya mwisho ilikuwa ya mwezi Juni.

Akaitwa fundi. Fundi akapiga Windows upya kwenye sehemu ya C, akaiacha D kama ilivyokuwa kwa sababu ilikuwa na picha za familia na programu za kukreki. Antivirusi aliyoweka nayo ilikuwa ya kukreki, kutoka humohumo D. Kabla jua halijazama vishale vilirudi. Kuna virusi kama Sality, kinachojulikana tangu mwaka 2003, ambavyo hujipachika ndani ya programu zenyewe. Ukisakinisha programu iliyoambukizwa umekirudisha kirusi kwa mkono wako, hata kama Windows ni mpya. Kusafisha C na kuacha D ni kupiga deki huku paa linavuja.

Aliyeumaliza ugonjwa alikuwa mpwa wa yule mama, mwanafunzi wa chuo Mbeya, aliyekuja likizo. Baada ya "shikamoo shangazi" aliomba jambo moja: kompyuta izimwe, na flashi zote za nyumba ziwekwe mezani, pamoja na kadi za kumbukumbu za simu. Kwenye kompyuta ndogo iliyo safi alitengeneza flashi ya uokoaji, akaitumia kuiwasha ile ya mezani bila Windows kuamka. Hapo ndipo penye siri ya kukishinda kirusi sugu. Kirusi kilichoamka hujilinda na huweza kuizima antivirusi, lakini kilicholala hakiwezi kitu. Alikagua C na D, akanakili nyaraka na picha peke yake, na hakugusa faili lolote lenye mkia wa exe, scr, vbs au lnk. Kisha akaifuta diski nzima na kusimika upya. Flashi na kadi alizisafisha kabla hazijagusa mashine mpya.

Hakurudisha Windows 7. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na mashine ile haikuwa na nguvu ya kubeba toleo jipya. Aliweka Linux Mint pamoja na LibreOffice, ambavyo ni vya bure. Mwisho alimwambia shangazi yake abadilishe nywila ya barua pepe kwa kutumia simu, kwa kuwa hakuna ajuaye kirusi kilisoma nini kilipokuwa macho.

Kompyuta ikapona, ila hesabu za kuanzia Julai hazikurudi. Kikundi kiliokolewa na vitabu vya wanachama, vile vidogo vinavyogongwa muhuri kila hisa inaponunuliwa. Viliitishwa vyote, vikasomwa mbele ya mkutano, mstari kwa mstari. Waliokuwa wamepoteza vitabu vyao walibishania haki yao mpaka mgao ukaahirishwa, na maneno mabaya yakasemwa juu ya mama ambaye hakuiba hata senti. Mchuma janga hula na wa kwao.

Kirusi kile hakikufuta hata shilingi moja. Kilichofuta ni haraka ya watu wawili waliokuwa wakisaidiana, na kilichoendeleza tatizo ni fundi aliyetibu nusu ya mashine. Basi wewe katibu wa kikundi, weka nakala mbili, moja kwako na nyingine kwa mweka hazina, na uzihuishe kila baada ya mkutano. Flashi ya hesabu isiazimwe kwa muvi. Na wewe fundi, kabla ya kufomati kitu cha mtu, tazama nafasi iliyotumika, nakili kilichomo, kisha muulize mwenyewe mara ya pili. Mashine hununuliwa nyingine. Imani ya wanachama ikipotea haiuzwi Tunduma wala Mbeya.