Mizani ya Shule za Bariadi
Mzazi wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoasisiwa mwaka 2012, alinganishapo shule mbili za serikali, moja ya mjini na nyingine ambayo wanafunzi wake hutoka mashamba ya pamba na machungani, huuliza ipi bora. Nami naona swali hilo limepungukiwa na insafu. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora, na uamuzi huo naushukuru kwa dhati, kwani mtihani hupima alichojibu mtoto, wala haupimi masafa aliyotembea alfajiri wala njaa aliyoistahimili. Tukiipa shule yake daraja la mwisho, je, hatumhukumu kwa kadari asiyoichagua?