Jina Chini ya Picha

Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru wake, ofisa kijana wa jeshi, Luteni Alexander Nyirenda, alisimika bendera ya taifa jipya na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Miaka miwili kabla ya hapo, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima huo, umulike hata nje ya mipaka. Picha ya kileleni ikazunguka magazetini na vitabuni. Mwaka 1962, nchi ilipokuwa jamhuri, ikatolewa stempu ya senti 50 yenye sura ya bendera ikisimikwa Kilimanjaro. Jina la Nyirenda likakaa vinywani mwa watu. Aliyeshika kamera, wengi wetu hatukuwahi hata kumuulizia.

Asili ya Nyirenda ni Nyasaland, Malawi ya leo, na kisa ninachokisimulia ni cha Malawi. Majina ya wahusika nayaacha, maana nia yangu ni kufundisha, si kumwaibisha mtu.

Palikuwa na kijana mpiga picha katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kambi hiyo iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, na leo inabeba zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kijana huyu alipata riziki yake kwenye harusi, ubatizo na mahafali, na kila ilipofika tamasha la Tumaini, linalofanyika kambini tangu 2014, kamera yake haikulala. Alikuwa na jicho zuri na mkono mtulivu. Alikuwa pia na donge moyoni: picha zake zilichukuliwa, zikatumwa huku na huku, na jina lake halikuonekana popote.

Donge hilo ndilo lililomsukuma. Siku alipoiona picha ya Nyirenda, aliapa kwamba atamtafuta aliyeipiga na kumrudishia haki yake. Nia ilikuwa njema, tena ya kusifiwa. Angefanikiwa, angekuwa amewatetea wapiga picha wote waliosahauliwa, naye akiwemo.

Akachapisha nakala ya picha ile, akaikunja katika bahasha, akapanda minibasi mpaka Lilongwe. Akazunguka Old Town, studio baada ya studio, akiwaonyesha wazee wa kazi. Wengi walitikisa kichwa. Kwenye studio moja ndogo akamkuta mzee ambaye ujanani alifanya kazi Dar es Salaam, Kiswahili chake bado safi.

"Bambo, picha hii unaifahamu?"

Mzee akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda. "Mtu na bendera kileleni. Hii ni kazi ya mjomba wangu, aliyenifundisha ufundi huu. Alipanda mlima na kamera yake, akampiga picha mtu mwenye bendera juu kabisa. Alitusimulia mara nyingi sana."

Kijana hakuweza kuizuia furaha. Hakuuliza swali la pili. Akampiga mzee picha mbele ya kaunta, akaandika jina la mjomba kiganjani, akarudi Dzaleka na kichwa kikiwaka moto. Usiku huohuo aliweka jina lile chini ya picha ya Kilimanjaro kwa herufi kubwa, akaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya kambi, ya Lilongwe, mpaka ya ndugu walioko Tanzania. Pongezi zikamiminika. Katika shughuli moja ya kuadhimisha 9 Desemba huko Lilongwe, jina la mjomba likasomwa kwa sauti na watu wakapiga makofi. Wapwa na wajukuu wa marehemu, ambao hawakuwahi kusikia habari hiyo kwa uzito wa namna ile, wakaanza kuulizana ni nani anadaiwa malipo ya picha, na nani katika ukoo atayapokea.

Pale kambini alikuwepo mwalimu mzee wa historia, mtu wa Uvira, aliyemfundisha kijana tangu akiwa mdogo. Hakumkaripia. Alimwita, akamwomba simu, akafungua ile picha ya mzee wa studio mbele ya kaunta. Akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza pembeni mpaka nyuma ya bega la mzee, ambako fremu moja ilikuwa imetundikwa ukutani.

"Mwanangu, huyu wa kwenye fremu ni nani?"

"Ndiye mjomba mwenyewe, Mwalimu. Marehemu."

"Nisomee kilichoandikwa chini yake."

Kijana akasoma: jina, kisha 1952 hadi 2011. Akanyamaza. Mwaka 1961 mjomba alikuwa mtoto wa miaka tisa. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya simu yake tangu siku ya kwanza. Aliupiga picha yeye mwenyewe.

Akarudi Lilongwe kwa aibu, na safari hii aliuliza kama inavyotakiwa. Mlima gani? Mulanje, mzee akajibu, kilele cha Sapitwa. Bendera ya nani? Ya shule, mjomba alipanda na walimu na wanafunzi. Mwaka gani? Miaka mingi baada ya uhuru. Mzee akavuta droo, akatoa picha yenyewe, kingo zimekunjamana, na nyuma yake muhuri wa wino wa zambarau wenye jina la studio na tarehe. Ilikuwa picha nzuri kwelikweli: mwalimu amesimama juu ya mwamba, bendera imejaa upepo, mawingu yako chini ya miguu yake.

"Bambo, mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, hukuniuliza mlima gani."

Kijana alituma masahihisho kwenye makundi yote yale. Walioyasoma walikuwa wachache. Uongo ulikuwa umekwenda mbali, na masahihisho yalikwenda hatua mbili tu yakachoka. Kibaya zaidi, walioyasoma wakaanza kumcheka marehemu, wakimwita mjomba wa uongo. Mtu aliyepanda Sapitwa, mita 3,002, na kamera nzito, akarudi na picha ya kweli, akazikwa mara ya pili chini ya sifa ambayo hakuiomba. Na aliyepanda Kilimanjaro na kamera mwaka 1961 bado hakupata haki yake. Watu wawili walidhulumiwa kwa jina moja lililoandikwa haraka, na aliyewadhulumu ni yule aliyetoka nyumbani kwenda kutetea haki.

Asidhani mtu kwamba makosa ya namna hii ni ya vijana wasio na uzoefu. Mwaka 1989, miaka mia moja baada ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kufika kilele cha Kilimanjaro, kamati ya maadhimisho iliamua kuwaenzi Waafrika waliowaongoza na kuwabebea mizigo. Hilo lilikuwa deni la haki, tena lilichelewa mno. Katika picha na maandishi ya msafara wa 1889, mtu mmoja alidhaniwa kuwa ndiye Mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyekuwa bado hai Marangu. Mzee hakujua umri wake. Meyer na Purtscheller hakuwakumbuka. Alikumbuka msafara wa daktari Mholanzi aliyeishi karibu na mlima, na kwamba alipanda bila viatu. Alisema amepanda mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kamati ikahitimisha kwamba alikuwemo katika msafara wa Meyer, kwa hiyo lazima alizaliwa karibu mwaka 1871. Alipofariki Mei 1996, hesabu hiyo ilimpa umri wa miaka ipatayo 125. Binadamu aliyeishi muda mrefu kuliko wote, kwa umri uliothibitishwa kwa hati, ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122.

Mzee Lauwo hakumdanganya mtu. Aliulizwa, akajibu alichokikumbuka. Waliohitaji jibu ndio walioliziba pengo. Na hasara yake ni ileile ya Lilongwe: kama si yeye aliyekuwa na Meyer, basi Mchaga mwingine alipanda mwaka 1889 na heshima yake imekwenda pengine, huku safari za Lauwo mwenyewe, za kupanda theluji peku, zikifunikwa na safari moja ya kubuniwa.

Hata New York hawakusalimika. Wengi tunaijua picha ya mafundi kumi na mmoja wanaokula chakula cha mchana wakiwa wamekaa kwenye boriti ya chuma, miguu ikining'inia juu ya jiji. Ilipigwa Septemba 1932. Kwa miongo mingi haikuwa na jina la mpigaji. Mwaka 2003, baada ya uchunguzi wa kulipiwa, wenye hifadhi ya picha hiyo walimtaja Charles Ebbets. Baadaye ikadhihirika kwamba siku ile juu ya jengo walikuwepo wapiga picha wengine, Thomas Kelley na William Leftwich, na wenye hifadhi wakalazimika kurudi nyuma na kukiri kwamba mpigaji hajathibitishwa. Wachunguzi walikuwa wameonyesha kwamba Ebbets alikuwepo. Hawakuwa wameonyesha kwamba alikuwepo peke yake.

Jina kubwa nalo lina namna yake ya kuvuta picha. Mpaka leo wapo wanaoitazama picha ya kilele cha Everest ya tarehe 29 Mei 1953, ya mtu aliyeinua shoka la barafu lenye bendera nne, wakasema ni Edmund Hillary. Yule ni Tenzing Norgay. Hillary ndiye aliyeshika kamera, na hakupigwa picha kileleni. Sifa zilivuma kwa jina la mmoja, macho yakamwona hata mahali asipokuwepo.

Nawaandikia haya hasa vijana wa Dzaleka wenye kamera na simu, kwa sababu hakuna wanaolijua jambo hili kwa uchungu kuliko watu wa kambi. Wageni huja, hupiga picha, huondoka. Na mama yako anaonekana katika ripoti ya nchi za mbali akiwa ameandikwa "mkimbizi" tu, bila jina wala kijiji. Wengi wetu tuliziacha picha za wazazi Bukavu, Fizi au Bujumbura, na zile chache zilizookolewa zinabishaniwa: huyu ni shangazi, hapana, ni bibi. Aliyejua amekufa, na nyuma ya karatasi hakuandika kitu.

Basi shikeni hili. Mtu akikwambia anamjua mpigaji wa picha, mshukuru, kisha muulize: mahali gani, mwaka gani, nani mwingine alikuwepo, na wewe ulilijuaje. Linganisha mwaka na umri. Geuza picha utazame mgongo wake. Tafuta shahidi wa pili asiyekula sahani moja na wa kwanza. Kama ni picha ya uhuru wa Tanganyika, hifadhi ya Idara ya Habari ya Tanzania, MAELEZO, na magazeti ya Desemba 1961 ndipo pa kuanzia, kabla ya kumbukumbu ya mpwa wa mtu. Ikiwa umeuliza kote na jibu halijasimama, andika chini ya picha "mpigaji hajathibitishwa". Maneno hayo yanamwachia mwenye haki nafasi yake wazi. Jina la kubahatisha humfungia mlango, na kuufungua tena ni kazi ya vizazi.

Na picha unayoipiga wewe leo, usiiachie mjukuu wa mtu kuja kuikisia. Iandike kabla haijatoka mkononi mwako: jina lako, jina la aliyemo kama anavyolitamka mwenyewe, mahali, siku, mwezi na mwaka. Yule kijana sasa hufanya hivyo kila jioni, hata kwa picha za ubatizo zisizolipiwa. Na picha ya Sapitwa, kwa ruhusa ya ukoo, ameichapisha upya ikiwa na jina la mjomba chini yake. Jina hilo, safari hii, liko mahali pake.