Pande Mbili za Mlima Mmoja

Tangu utotoni, chuoni na majumbani, sisi watu wa mwambao tumefundishwa kuwa mvua ni rehema ya Mola kwa viumbe vyake na kuwa ukame ni dalili ya ghadhabu yake. Na kwa kuwa mafunzo hayo tuliyapokea kabla ya akili zetu kupevuka, ni wachache miongoni mwetu waliopata kusimama wakauliza: ikiwa mvua ni rehema, yule aliyechukuliwa na mafuriko usiku pamoja na wanawe amefikwa na nini? Na ikiwa ukame ni ghadhabu, umma ulioishi jangwani karne baada ya karne, ukisali na kufunga na kuwakirimu wageni, umekosa nini? Swali hili halikosi kumjia mtu anayefanya kazi ya ualimu katika nchi ya Omani, kwani huko mvua hufungiwa safari, na huko huko mvua huua.

Mwezi wa Septemba, skuli zikiwa zimekwisha kufunguliwa na joto la Maskati lingali likiunguza nyayo, walimu wageni aghalabu hungojea Alkhamisi jioni, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko ya huko, wakashika njia ya kusini ipitayo Adam, Haima na Thumrait, kilomita 1,000 hivi za mchanga na changarawe, ili wawahi siku za mwisho za Kharifu, yaani msimu wa ukungu na manyunyu, ya Dhofar, kusini ya nchi. Nami nilikuwamo katika msafara mmoja wa namna hiyo. Asubuhi gari ilipofika katika mlima wa Qara, jangwa lilikatika ghafula, tukaingia katika ukungu mzito na majani mabichi, na kila bonde tukalikuta limejaa watu wa Kuwait, Imarati na Saudia, waliotandika mikeka juu ya nyasi zilizolowa, wakila mishkaki na kunywa chai ndani ya manyunyu, bila ya mwavuli wala haja ya kukimbilia paa. Mwalimu mwenzangu, mtu wa bara aliyekulia katika nchi ambayo wingu likitanda watu huanua nguo na kufunga madirisha, aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, “Maalim, hawa Mungu kawapa mvua ya kuchezea, na sisi katupa ya kutuzika. Uadilifu uko wapi?”

Jambo kama hilo halijibiwi kwa pupa. Kwanza yafaa ijulikane kuwa upepo unaoleta manyunyu hayo si mgeni kwetu, maana ni kusi, ule ule uliokuwa ukivusha majahazi kutoka pwani yetu kwenda Arabuni. Na Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, kutoka huko alisafiri baharini mpaka mji wa Zafari, ambao magofu yake yamo Salalah hata leo. Upepo huo ukivuma kando ya pwani ya Dhofar huyasukuma mbali maji ya juu ya bahari, yakazuka kutoka chini maji ya baridi. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hugeuka ukungu, na ukungu huo hugota milimani, miti ikauchuja kwa majani yake hata ardhi ikanywa. Mlima upande wa bahari huwa kijani tupu. Upande wa pili, uelekeao jangwa, manyunyu hayo hayaufikii kabisa, na huko yabakia mawe na jua.

Wala wenyeji wa nchi zile hawakuwa na itikadi nyepesi juu ya mawingu. Magharibi ya Dhofar, katika michanga ya Ahqaf, ndiko wafasiri wengi walikoweka makazi ya kaumu ya Adi, ambao kwa mujibu wa Qurani waliona wingu likielekea mabonde yao, wakafurahi wakidhani ni la mvua, kumbe ni upepo wa maangamizi. Na imepokewa kwa Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, kuwa Mtume akiona wingu rangi ya uso wake ilibadilika, akawa anaingia na kutoka kwa kuchelea yaliyowafika Adi, mpaka mvua inyeshe ndipo atulie. Ikiwa mbora wa viumbe hakulisoma wingu kuwa ni rehema kabla ya kuona mwisho wake, sisi tumepata wapi yakini hiyo?

Na mifano haiko mbali nasi. Mwezi wa Mei 2018 tufani la Mekunu liliipiga Salalah hiyo hiyo ya manyunyu, likamwaga kwa siku chache mvua ipitayo ile ya mwaka mzima, na roho zikapotea. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Samad al-Shan, mashariki ya Omani, yalichukua gari lililobeba watoto wa skuli, na hapana mwalimu katika nchi ile asiyewakumbuka kila anapoita majina asubuhi. Mwisho wa mwezi huo huo, huko Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliwafunika watu makumi usingizini. Na serikali ikaeleza kuwa njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake hata yakabomoa.

Hapo ndipo ninapoona mlango wa jawabu. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni, aliazimia kurudi, na Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kuwa anaitoka kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu, akamtolea mfano wa mtu aliyeteremka na ngamia wake katika bonde lenye pande mbili, mmoja wa rutuba na mmoja mkavu: popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari. Maana yake ni kwamba kadari haimwondolei mja wajibu wa kuchagua. Mvua huteremshwa na Mola, lakini aliyeuza kiwanja katika mkondo wa maji ni mwanadamu, na aliyeacha njia ya maji ikaziba ni mwanadamu, na huo udhalimu hauwezi kuandikwa katika hesabu ya mbingu.

Ama ule upande mkavu wa mlima wa Qara, mwenzangu hakuwa ameutazama vyema. Mubani wenye utomvu bora wa Dhofar hauoti ndani ya ukungu. Huota nyuma ya mlima, kama ilivyo katika bonde la Dawkah, ambalo UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Huko chini ya jua kali gome huchanjwa, utomvu ukatoka na kukauka, na ubani huo ndio uliofukizwa katika mahekalu ya kale na unaofukizwa majumbani mwetu mpaka leo. Basi aliyenyimwa manyunyu hakunyimwa fadhila. Kwa hiyo nasema kuwa mvua si rehema wala si adhabu kwa dhati yake, bali ni amana: kwa mmoja hudai shukrani, kwa mwingine hudai subira, wala Imamu Ghazali hakukosea alipoviweka viwili hivyo katika kitabu kimoja cha Ihyaa yake. Na shukrani ya aliyepata isipomfikia anayesubiri, imekuwa maneno matupu.

Ewe msomaji, swala ya kuomba mvua ni sunna njema na haifai kuachwa. Lakini mwenye kuinua mikono kuiomba mvua, na atangulie kuzibua mtaro ulio mbele ya nyumba ya jirani yake.