Mizinga ya Königsberg na Hesabu ya Mpagazi

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozama katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, ikapachikwa juu ya magurudumu, na mamia ya wapagazi, wasiokuwa na uadui na Mwingereza yeyote, wakaikokota kwa kamba ikapigane bara. Chuma hakina nia, hilo halina mjadala. Bali mkokotaji je? Kinjikitile, mganga wa Maji Maji aliyenyongwa Mohoro mwaka 1905 baada ya kuahidi kwamba risasi zitageuka maji, angalau alichagua upande. Mafakihi humsamehe aliyeshurutishwa, illa katika kuua nafsi isiyo na hatia. Lakini kukokota si kufyatua, nami simwoni kadhi atakayemhukumu mpagazi kabla ya afisa aliyempa ile kamba.