Protoni Kwanza

Wajukuu wangu, haya nimeyasema hadi sauti imenikauka, na leo nayarudia kwa kuwa madaftari yenu yaonyesha hamjayashika. Mwaona alama ya kujumlisha juu ya sodiamu, nanyi mwaongeza elektroni. Kwani elektroni si ina chaji hasi? Ikitoka, chanya ndiyo inayozidi. Alama ile yawaambia kuna iliyoondoka.

Tazameni mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Sodiamu iliyomo ina protoni 11, na masi yake ni 23. Toa 11, wapata nyutroni 12. Lau ingekuwa atomu kamili, elektroni zake zingekuwa 11 vilevile. Moja imechukuliwa na klorini, zimebaki 10. Klorini nayo ina protoni 17, na sasa elektroni 18. Na nyutroni? Hapo ulizeni kwanza ni klorini ipi, maana iko ya masi 35 yenye nyutroni 18, na iko ya masi 37 yenye 20, na zote zimo katika chumvi hiyo hiyo mnayopaka samaki. Ile 35.5 ya kwenye jedwali ni wastani tu. Hakuna atomu yenye nusu nyutroni, wanangu, na bado yupo anayeniandikia 18 na nusu.

Chumvi ikishavunwa, hubaki maji machungu yenye magnesiamu nyingi. Ioni yake ina elektroni 10, sawasawa na ile ya sodiamu. Basi ni kitu kimoja? La hasha. Magnesiamu ina protoni 12, nayo imepoteza elektroni mbili. Elektroni huja na kwenda. Protoni ndizo zisemazo hiki ni nini.

Wala msidhani ni mambo ya mtihani peke yake. Kule Uyombo, mwaka 2024, wenyeji waliandamana kupinga mpango wa mtambo wa nyuklia, na fueli ya mtambo kama huo ni urani. Urani yote ina protoni 92. Ya 235 ina nyutroni 143, ya 238 ina 146. Kwa nyutroni tatu hizo, ya 235 hupasuka ikigongwa na nyutroni ya mwendo wa polepole, ya 238 haipasuki hivyo. Katika atomu 1,000 za urani itokayo ardhini, kama 7 tu ndizo za 235. Kwa mitambo mingi sehemu hiyo ya 235 huongezwa ikafika kati ya asilimia 3 na 5. Akija mtaalamu na michoro yake, nataka nyinyi ndio mmuulize: urani yenu ni ya asilimia ngapi? Ikishapasuka, zabaki atomu gani, nazo zakaa miaka mingapi? Mtauliza vipi, nanyi 235 kutoa 92 mwaikosea kwa haraka?

Haya, fungueni ukurasa mpya. Potasiamu, masi 39, chaji chanya moja. Protoni kwanza.