Tamaa ya Mboga na Shukrani ya Neema

Katika kisa cha Wana wa Israili jangwani, kama kilivyosimuliwa katika Sura ya Al-Baqara, mna jambo ambalo mtu apendaye jiko lake hawezi kulipita bila kusita: watu walioteremshiwa mana na salwa, chakula wasichokilima wala kukinunua, walikinai kula kitu cha namna moja, wakamtaka Nabii Musa awaombee kwa Mola wake mazao ya ardhi, mboga za majani na matango, adesi na vitunguu, naye akawakemea kwa kutaka kubadili kilicho bora kwa kilicho duni. Kitabu cha Hesabu nacho kinawataja wakililia matango, vitunguu na vitunguu thomu vya Misri.

Sasa litazame bakuli la saladi ya spinachi: majani mabichi, tango, kitunguu, thomu iliyopondwa ndani ya sosi, na pengine konzi ya adesi zilizochemshwa ili ishibishe. Karibu kila walichokililia kimo. Je, sisi tunaoliandaa bakuli hilo, tena tukaligeuza leo hivi na kesho vile ili lisitukinaishe, tumo katika lawama ile ile?

Wako wacha Mungu waonao kuwa kujali ladha ni udhaifu wa imani. Siafikiani nao, kwani Sura ya Ar-Ra'd inatutajia mashamba yaliyopakana, yenye mizabibu na mimea na mitende, yote yakinyweshwa maji mamoja, kisha mazao yake yakazidiana kwa utamu. Na kuzidiana huko kukahesabiwa miongoni mwa ishara kwa watu wenye akili. Ikiwa aliyezifanya ladha kuwa nyingi ni Muumba mwenyewe, ulimi unaozipambanua hauna hatia.

Kosa la jangwani, kwa kadiri ya fahamu yangu, lilikuwa kukipa kisogo kilichopo kwa ajili ya kisichokuwapo. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa riwaya ya Jabir bin Abdullah, kuwa Mtume aliuliza kitoweo kwa watu wa nyumbani kwake, akaambiwa hapana ila siki. Akaitaka, akala, na huku akiisifu kuwa ni kitoweo chema. Aliuliza, na kuuliza hakukuwa na aibu. Alipojua kilichopo, alikipokea kwa sifa. Siki haikuongezeka hata tone, lakini chakula kile hakikuwa tena chakula cha upungufu.

Saladi hii inafuata mwendo huo, maana haina umbo moja inalolidai. Tango likikosekana, embe bichi litashika mahali pake; halzeti ikiwa ghali, mafuta ya ufuta yatafaa; siki ikiisha, ndimu ipo. Spinachi nyingi ya masokoni mwetu ina bua nene na jani gumu, kwa hiyo yachaguliwe majani machanga, yaoshwe mpaka maji yasiachie mchanga chini ya beseni, kisha yakaushwe kwa kitambaa, kwa sababu jani lenye maji halishiki mafuta. Thomu ipondwe kwa chumvi katika kinu kidogo, itiwe haradali kidogo na siki sehemu moja, kisha mafuta sehemu tatu yamiminwe polepole huku mkono ukipiga kwa uma bila kupumzika. Hapo utaona mafuta na siki, ambavyo vikiachwa hutengana, vinashikamana kwa nguvu ya haradali, rangi ikififia na sosi ikawa nzito. Isimwagwe juu ya majani ila watu wamekwisha kukaa kula, kwani chumvi huvuta maji ya jani likanywea. Na ndimu, ikitumika, haileti ukali peke yake: huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga, ambayo bila ya msaada huo hupokewa kwa uchache. Jambo hili hunifurahisha kila nilikumbukapo, kwamba faida ilikuwa imo ndani ya jani tangu shambani, ikingoja mwenzi.

Mpishi afanyaye hivi hakuomba chakula kingine. Amekiangalia alicho nacho kwa makini zaidi, na mimi nauhesabu uangalifu huo kuwa sehemu ya shukrani, pengine sehemu yake iliyo ngumu, maana kusema alhamdulillahi baada ya kula ni rahisi kuliko kulichambua fungu la mboga jani kwa jani kabla ya kula.

Lakini hoja hii isigeuzwe fimbo ya kumpigia fukara. Waliokemewa jangwani walikuwa na chakula mbele yao. Mjane anayenung'unika kwa kuwa jungu lake halina kitu hakukufuru neema yoyote, na jirani mwenye akiba anayemjibu kwa kumsomea habari za mana na salwa amekisoma kisa hicho vibaya. Deni lake kwa mjane huyo ni mboga zenyewe, pamoja na mafuta na siki ya kuungia.